Mafuta ya MCT ya "kukata njaa": yanasaidia kidogo, lebo inapiga chuku

Chupa ya mililita 500 ya mafuta ya MCT inakuja na ahadi nene: kijiko kimoja asubuhi, njaa haitakugusa hadi jioni. Hiyo ni chuku. Bidhaa yenyewe si utapeli, ila inafanya kazi tofauti na inavyotangazwa.

MCT (mafuta ya mnyororo wa kati) ni mafuta yenye asidi za kaboni 8 (kapriliki, C8) na kaboni 10 (kapriki, C10). Mafuta ya alizeti na mawese, na samli kwa sehemu kubwa, yana minyororo mirefu ya kaboni 16 na 18. Mnyororo mrefu ukifika kwenye utumbo mwembamba huamsha homoni ya CCK: mfuko wa nyongo unajikamua, tumbo linaanza kutoa chakula polepole, na ubongo unapata habari kwamba umeshiba. C8 na C10 haziamshi CCK kwa kiasi cha maana. Hupita moja kwa moja kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini, zinachomwa haraka, na sehemu yake hugeuka ketoni, kemikali ambazo mwili hutumia kama nishati. Kwa hiyo usitarajie kuhisi tumbo limejaa. Katika majaribio, waliokula MCT hupunguza kidogo chakula cha mlo unaofuata, lakini wakiulizwa kuhusu njaa, majibu yao hayatofautiani sana na ya wenzao waliokula mafuta mengine.

Hapa wauzaji wengine huyafananisha na mafuta ya nazi kwa makusudi. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki (C12), ambayo mwili huishughulikia zaidi kama mafuta marefu. C8 na C10 kwa pamoja ni kama asilimia 15 tu. Matokeo ya MCT si ya nazi, hata chupa ikichorwa mnazi.

Kabla ya kulipa, soma nyuma ya chupa. Unataka C8 na C10 zitajwe kwa viwango. Lauriki ikiwa ndiyo nyingi, umeuziwa nazi kwa bei ya juu. Lebo ikikaa kimya, weka kijiko kimoja cha mafuta kwenye friji usiku mmoja. MCT halisi hubaki maji maji. Mafuta ya nazi huanza kuganda chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Dar es Salaam hukaa maji lakini Iringa ya mwezi Julai huyakuta yameganda kabatini.

Kosa la kawaida ni kuanza na kijiko kikubwa (mililita 15) tumbo likiwa tupu, kwenye chai ya rangi. Matokeo ni msokoto wa tumbo na kuharisha, kwa sababu mafuta haya huvunjwa kwa kasi na kuvuta maji utumboni. Anza na kijiko cha chai, mililita 5, kwenye uji au juu ya maharage. Kaa hapo siku tatu au nne, kisha panda hadi 10, na mwishowe 15. Usikaangie, hutoa moshi mapema. Usiyamimine kwenye kikombe cheupe cha povu, huweza kukitoboa.

Hesabu ya kalori ndiyo inayowaangusha wengi. Kijiko kikubwa kina kilokalori 115 hivi. Vijiko vitatu kwa siku ni karibu 350. Usipopunguza ugali wa usiku kwa kiasi hicho, umeongeza mafuta juu ya chakula kilekile.

Na mafuta, ya aina yoyote, ni dhaifu katika kushibisha ukilinganisha kalori kwa kalori. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima jinsi vyakula 38 vinavyoshibisha, kila kimoja kilokalori 240, mkate mweupe ukipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha vilipata 323. Kruasani, iliyojaa siagi, ilipata 47. Karanga nazo zilipata 84 tu, ila zina faida nyingine: watu wakizila kabla, hupunguza mlo unaofuata kwa sehemu kubwa ya kalori zake, na zikiliwa nzima mafuta kiasi hubaki yamefungwa ndani ya seli na kutoka na choo. Siagi laini ya karanga hupoteza faida hiyo ya pili. Gramu 30 za karanga za kukaanga, zikitafunwa vizuri pamoja na kiazi cha kuchemsha, ni chaguo bora kuliko kijiko cha MCT, na kwa bei ya chupa moja unanunua karanga za wiki nyingi.

Tunaipa nyota mbili na nusu kati ya tano: moja na nusu kwa kufanya kazi kidogo, moja kwa kutokuwa na ladha inayoharibu uji. Mwenye ugonjwa wa ini, au kisukari kisichodhibitiwa, asiiguse bila daktari wake kujua, kwa sababu ya zile ketoni.