Uyoga wa kichuguu kando ya barabara ya Kipushi, Lubumbashi: nunua ulio na mzizi

Mvua zikishaanza, wamama wanaupanga uyoga huu kwenye mabeseni asubuhi. Ni Termitomyces, unaolimwa na mchwa chini ya ardhi: mchwa hutafuna majani makavu na miti, uyoga huyameng'enya, na mchwa hula sega lake, yaani bonge la majani yaliyotafunwa ambamo uyoga huota. Jamii moja ya huku, Termitomyces titanicus, huweza kufikisha kofia ya upana wa karibu mita 1.

Utamu wake haushindwi na uyoga wa kopo wa supamaketi, hata kidogo. Kasoro kubwa ni kwamba wauzaji wengi hukata mzizi ili uonekane msafi. Hapo wanakuondolea ushahidi bora. Mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye sega ndio alama yake. Ukikuta kikombe cheupe kimezunguka shina chini, huo huenda ni Amanita, jamii nyingine ya uyoga, na baadhi yake huua. Uache. Uache pia wenye kijani chini ya kofia.

Kingine, wanaunyunyizia maji uonekane mbichi, na kufikia saa nane umeanza kuteleza na kunuka. Pasua shina moja kwa urefu mbele ya muuzaji: likiwa na vitobo vya funza, mwambie, “Mama, nipatie mwingine.” Wengi hubadilisha bila ubishi.

Nyumbani usiuloweke. Suuza haraka, chana kwa vidole, uache uchemke katika maji yake wenyewe dakika 10, kisha mafuta, kitunguu na nyanya, dakika 10 tena. Unapikwa siku ileile.