MRI ya ini kwa dawa ya gadoksetati: uzoefu wangu katika kusaka saratani iliyosambaa

Kwa kusaka saratani iliyosambaa kwenye ini, hasa inayotoka utumbo mpana, sijatumia kipimo cha picha kinachoizidi MRI (picha za sumaku) yenye dawa ya gadoksetati, inayodungwa ili kung'arisha ini pichani, na picha za difusheni (zinazoonyesha maji yanavyotembea ndani ya tishu). Sharti ni kwamba ifanywe sawasawa. MRI iliyotikisika, au iliyoruka difusheni, haina cha kuringia mbele ya CT (eksirei ya tabaka) nzuri.

Nianze na dawa yenyewe. Kwenye chupa imeandikwa Primovist, na Marekani ni Eovist. Karibu nusu yake huingia ndani ya seli za ini na kutoka na nyongo, nusu nyingine hupita kwenye figo. Saratani iliyohamia kutoka kwingine haina seli za ini, kwa hiyo haiinywi. Dakika 20 baada ya sindano ini lote linang'aa, na doa la saratani linabaki jeusi kama tundu. Hapo ndipo madoa ya milimita 5 au 6, ambayo CT huyapita tu, hujianika. Gadobenati, dawa nyingine ya aina hii, nayo huingia kwenye seli za ini, lakini asilimia 3 hadi 5 tu, na mgonjwa hupigwa picha tena baada ya saa moja au mbili. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliposimamisha dawa kadhaa za MRI zenye madini ya gadolini, hizi mbili ziliachwa kwa ajili ya picha za ini.

Dozi ni mililita 0.1 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 70 anapata mililita 7. Ni kidogo mno, na udogo huo ndio mama wa usumbufu mwingi. Ukiisukuma kwa kasi ya mililita 2 au 3 kwa sekunde, kama ulivyozoea dawa nyingine, inapita kwenye ateri mara moja na kwisha, na picha ya awamu ya ateri (sekunde ambazo dawa imo kwenye ateri) inatoka na mistari au inaikosa dawa kabisa. Mimi nasukuma mililita 1 kwa sekunde, halafu maji ya chumvi mililita 20 hadi 30 kwa kasi ileile. Sekunde za kuanza sizikadirii. Naitazama dawa ikifika kwenye aota (ateri kuu) ndipo naanza, kwa sababu moyo dhaifu huichelewesha.

Kasoro yake inayonikera zaidi ni hii: wagonjwa wengine hushindwa kubana pumzi katika awamu ya ateri hasa, halafu dakika moja baadaye wanabana vizuri tu. Si mzio, wala si ukaidi. Ni tabia inayojulikana ya dawa hii. Kinachosaidia ni kumfanyisha mgonjwa mazoezi kabla hajaingia kwenye mashine (atoe hewa kwanza, ndipo abane), na kuifupisha picha isizidi sekunde 15. Kwa saratani ya utumbo mpana, kuharibika kwa awamu hiyo si msiba, doa litaonekana baadaye. Kwa uvimbe wa neuroendokrini (wa seli zinazotoa homoni) au saratani ya figo ni hasara kweli, maana madoa yake hung'aa kwenye ateri na kufifia upesi.

Dakika 20 za kusubiri zisipotee bure. Picha za T2 (ambazo maji hung'aa) na difusheni hazidhuriki na dawa, kwa hiyo nazipanga humo. Picha za mirija ya nyongo, kama zimeombwa, zitangulie sindano, kwani dawa ikishaingia kwenye nyongo huizima. Za T1 (aina ambayo dawa hung'aa) za kupima mafuta nazo huja kabla. Awamu ya mwisho napandisha pembe ya mwale (flip angle, mpangilio wa mashine) hadi nyuzi 25 au 30 ili doa lijitenge zaidi na ini.

Kuhusu difusheni, natumia thamani za b (kiasi picha inavyohisi mwendo wa maji) 50, 400 na 800. Ile ya 50 wengi huidharau, nami ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Sababu ni kwamba katika picha ya dakika 20 mishipa ya damu nayo ni myeusi. Doa la milimita 6 lililoegemea vena (mshipa unaorudisha damu) ya ini linaonekana kama mshipa uliokatwa kwa upana, na jicho linaliruka. Fungua b 50 mahali palepale: damu inayotembea imezimika, doa linawaka peke yake. Udhaifu wa difusheni uko upande wa kushoto wa ini, chini ya moyo, ambako mapigo hula ishara. Hewa ya tumboni nayo hupinda picha upande huohuo. Sehemu hiyo naisoma kwa T1 kwanza.

Weusi peke yake si saratani. Vifuko vya maji na hemangioma (uvimbe wa mishipa ya damu usio saratani) havinywi dawa, navyo ni vyeusi dakika ya 20. T2 huvitenga: vyenyewe hung'aa sana, saratani hung'aa kiasi tu. Ila saratani yenye ute mwingi huweza kung'aa kama kifuko cha maji, kwa hiyo kagua ukingo wake baada ya sindano.

Bilirubini (rangi ya njano ya nyongo, hupimwa kwenye damu) ikiwa juu, tuseme zaidi ya miligramu 3 kwa desilita, ini halinywi dawa vya kutosha na faida yote inayeyuka. Iulizwe kabla ya miadi, pamoja na kreatinini (kipimo cha figo) na pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo). Maji yakiwa mengi tumboni, chagua mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Ile ya tesla 3 huacha giza katikati ya picha.

Fomu ya maombi iseme saratani ilianzia wapi na mgonjwa amepewa kemo gani. Baada ya oksaliplatini, mojawapo ya dawa za kemo, ini huweza kuota vinundu visivyo saratani ambavyo kwenye CT vinafanana na madoa mapya. Kwa gadoksetati vinundu hivyo hunywa dawa na kung'aa, mara nyingine kama pete. Kemo pia huacha mafuta kwenye ini, na CT katika ini lenye mafuta hupofuka.

Kama upasuaji unafikiriwa, MRI hii ifanywe kabla ya kemo kuanza. Madoa madogo huweza kutoweka kwenye picha huku seli hai zikiwa bado zimebaki, na daktari wa upasuaji atataka kujua yalikuwa katika sehemu ipi kati ya zile nane za ini, na milimita ngapi kutoka kwenye vena.