Roboti ya chupa na ndala iliyokatika: kila kitu kiko kwenye kanati kamoja

Haya haya haya, habari zenu jamani, kabla sijasema kitu chochote naomba muangalie hapa mezani. Msikilize huo mlio. Mmeiona inavyozunguka? Hiyo ni chupa ya maji, kalamu tatu za rangi ambazo wino ulikuwa unakaribia kuisha, mota nimeitoa kwenye gari la kuchezea lililovunjika matairi, na kipande cha ndala. Basi. Inatembea yenyewe, na karatasi yote hii mnayoiona imejaa mistari imeichora yenyewe wakati mi natafuta chaja ya kamera.

Kwa wageni, karibuni, hapa tunachambua vitu kwa kuvishika sio kwa kusoma kilichoandikwa kwenye boksi. Na kwa wale wa zamani najua niliwaahidi kwamba video ya leo ingekuwa ya ile seti ya roboti ya kununua, ile mlionitumia meseji nyingi sana kuiulizia. Seti ninayo, hii hapa, na tutafika, lakini ukweli ni kwamba nimekaa nayo wiki nzima na imenikera, na hii ya takataka niliyoiunda jioni moja imenipa raha mara kumi, kwa hiyo mpangilio umebadilika, leo ni siku ya hii.

Mwili siuelezi sana. Unakata chupa katikati, sehemu ya chini unaipindua kama kikombe kilichofunikwa, miguu mitatu unaifunga na selotepu kwa nafasi sawa, ncha zinaangalia chini na umeshatoa vifuniko. Mota inakaa juu, imefungwa na rababendi. Betri mbili za kawaida za size ya AA, moja ikifuata nyingine, kwa hiyo 1.5 na 1.5 unapata volti 3, na mota nyingi za vitu vya kuchezea zinapenda hapo hapo. Nyaya mbili, swichi kama unayo, kama huna unagusisha waya na kuuachia. Hayo mnayajua.

Sasa sogea karibu. Sogea. Ninachotaka mkione ni hiki hapa juu.

Huu ni mhimili wa mota, kale kachuma kembamba kanakozunguka. Nimechoma juu yake kipande cha ndala kirefu kidogo, kama nusu ya kidole changu cha mwisho. Ndala ni nzuri kwa sababu inashika chuma chenyewe bila gundi, unaitoboa na pini halafu unaisukuma inakaa. Na huku mwisho wa hicho kipande nimezamisha nati moja ndogo ya chuma. Hiyo nati jamani, hiyo nati ndo roboti. Vingine vyote ni nyumba yake.

Ngoja niwaonyeshe, hapa nitachukua muda kidogo msiondoke. Naitoa nati. Ndala naichoma katikati kabisa, pande zote mbili sawa. Nawasha. Mnasikia mota inazunguka? Inazunguka vizuri kabisa, betri ni zile zile, na roboti imekaa kimya kama imegandishwa, haitembei hata upana wa ukucha. Sawa. Nazima. Sasa naisogeza ndala, simaanishi sana, milimita tatu hivi, upande mmoja uwe mrefu kuliko mwingine. Nawasha. Mmeona kalamu zimeanza kutetemeka? Inachora vinukta nukta, kama mtu mwenye baridi. Nazima tena. Narudisha nati mwishoni kabisa kule. Nawasha... hahaa! Hiyo imeondoka! Angalia miduara hiyo, angalia inavyoruka pale kona ya karatasi.

Kwa nini? Kitu kikizunguka na uzito wake uko pembeni, kinauvuta mhimili kuelekea kule uzito uliko. Uzito ukiwa kushoto mwili unavutwa kushoto, ukiwa kulia unavutwa kulia, na hii inatokea mara nyingi sana kwa sekunde moja. Miguu haishiki meza kwa nguvu sawa muda wote, kuna mguu unapata uzito mdogo unateleza, mwingine unang'ang'ania, na hicho kuteleza na kung'ang'ania ndo kutembea kwake. Haina tairi wala gia wala kompyuta.

Na simu yako ikitetemeka mfukoni, kama ni zile za zamani, ni hii hii kazi. Nimeifungua moja iliyokufa, nimewawekea hapa chini ya kamera: mnaona kamota kadogo kuliko punje, na mbele yake kachuma kamekatwa nusu duara? Nusu duara, kwa makusudi, uzito ukae upande mmoja. Kwa hiyo ukibandika hako kamota juu ya kichwa cha mswaki wa zamani na betri ya kisahani ya volti 3 unapata roboti ya ukubwa wa mende, inakimbia balaa. Ila hapo naongea kwa uzito kabisa: hizo betri za kisahani ziweke mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza moja inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa 2. Saa mbili tu. Ikitokea, hospitali moja kwa moja, usisubiri itoke.

Narudi kwenye nati. Kuna kitu kingine nimekigundua jana usiku kimenifurahisha sana. Ukiusogeza uzito mara mbili mbali zaidi na mhimili, ile nguvu ya kuvuta inakuwa mara mbili. Lakini ukiongeza spidi ya mota mara mbili, nguvu inapanda mara 4. Mara nne! Ndo maana na betri moja inasinzia na ukiongeza ya pili inakuwa kichaa, sio kwamba imeongezeka kidogo. Angalia, betri moja: inajikokota. Betri mbili: subiri niishike kabla haijaanguka.

Na hapo najua kuna mtu ameshawaza aweke ile betri ya mraba ya volti 9. Mi mwenyewe mwanzo nilikuwa nayo, nilidhani volti nyingi ndo raha. Usifanye. Ile ndani yake ni vibetri sita vidogo vimepangwa pamoja, imetengenezwa kwa vitu vinavyokula umeme kidogo kidogo, na mota inakula umeme kwa pupa. Inaanza kwa kishindo halafu dakika chache imelegea, na mota yako ya volti 3 imepata moto unaunguza kidole. Mbili za AA zinacheza muda mrefu kuliko hiyo, na ni rahisi kuzipata kwenye rimoti ya nyumbani, ila mjulishe mwenye rimoti.

Haya, hii seti sasa. Nisiwe na chuki, plastiki ni nzuri, rangi nzuri, inafunguka kwa skrubu, maelekezo yana picha. Lakini ule uzito wa pembeni, kile kitu chenyewe chenye utamu, wameubandika na gundi kiwandani! Nimejaribu kuuvuta na koleo, haung'oki. Kwa hiyo mtoto anaunga vipande, anawasha, inatikisika, anapiga makofi, imeisha. Hawezi kuuliza je nikiusogeza itakuwaje, kwa sababu hausogei. Na bei yake sio ya kucheka. Hiyo ndo inaniudhi, wamefunga mlango wa chumba chenyewe halafu wakakuuzia korido.

Wengine mmeniandikia mkasema kwa nini usitumie Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu. Naipenda, video zake zipo hapa kwenye chaneli, lakini kwa roboti ya kwanza hapana. Pini moja ya Arduino Uno, pale unapochomeka waya, inatoa kama miliampia 20 za kuaminika, mota hii inataka mamia, kwa hiyo ukiiunga moja kwa moja unaweza kuiua bodi, unahitaji transista katikati, yaani kaswichi ka umeme, unahitaji programu, na mtoto wa miaka minane ameshalala. Anza na hii kwanza.

Na msidhani roboti za vitu vya zamani ni mchezo wa juzi. Mwaka 1948 na 1949 kule Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo anaitwa William Grey Walter aliunda roboti mbili akaziita Elmer na Elsie, watu wakaziita kobe kwa jinsi zilivyokaa. Alitumia masalia ya vifaa vya vita na gia za saa za zamani, na kila kobe alikuwa na vali mbili tu za redio, yale makopo ya kioo ya kwenye redio za zamani, kwa ubongo. Mbili! Na alikuwa anaufuata mwanga, akigonga kitu anageuka. Mimi nikisoma habari kama hiyo siwezi kulitupa tena redio bovu.

Kuhusu mota, mwanzoni niliwaambia rafiki zangu mota nzuri kuliko zote ni ya kwenye dividii mbovu, ile inayotoa sahani nje na kuirudisha. Ni kweli ipo na inatoka kirahisi. Lakini baada ya kuzijaribu zote mbili kwa volti 3, hii ya gari la kuchezea inazunguka kwa kasi zaidi na inapiga mtikisiko unaoeleweka, kwa hiyo nabadilisha, ya gari ndo namba moja. Ya dividii ibakize kwa roboti ya matairi, inakuja na mkanda wake wa mpira kabisa.

Ila vitu vya kufungua muwe navyo makini. Maikrowevu usifungue, hata ikiwa haijachomekwa. Tivii ya zamani yenye mgongo, usifungue. Kamera ya flashi, usifungue, ndani kuna kitu kinahifadhi umeme wa karibu volti 300 hata betri ukiwa umeshatoa. Na betri ya simu usiitoboe wala kuikunja, inawaka moto. Vitu vya kuchezea, miswaki ya umeme, vifeni vidogo vya betri, humo ndimo kwenye hazina.

La mwisho halafu niwaachie. Kuna mmoja aliandika roboti yake inazunguka sehemu moja tu haiendi mbele. Angalia, geuza betri, plasi iende kwa minasi. Yangu ilikuwa inazungukia kulia, sasa... inazungukia kushoto, umeona? Sasa chukua mguu mmoja uushushe kidogo, kama unene wa sarafu. Mwili umelala upande. Nawasha. Inaenda! Inapinda lakini inaenda, duara limefunguka limekuwa kama konokono. Zoezi la nyumbani ndo hilo, mguu mmoja na nati moja, usibadilishe kingine chochote, halafu nitumieni karatasi zilizochorwa, wiki ijayo naziweka zote kwenye video na seti ile naifungua na msumeno tuutoe ule uzito. Kama hujasabskraibu bonyeza hapo chini. Mi naweka karatasi mpya, hii imeshajaa.