Baiskeli ya resi ya kupandia vilima: ukiwa Dar uanze na ipi

Wadau, wiki hii nimeulizwa mara tatu "nichukue resi gani nyepesi ya kupandia milima" na wote watatu wameanza na kilo. Ina kilo ngapi, kaboni au siyo kaboni, nasikia za mapro ni kilo 6.8. Ni kweli, UCI (chama cha dunia cha mbio za baiskeli) waliweka 6.8 kuwa ndio mwisho wa wepesi toka 2000, ila sisi tunaenda Pugu jumamosi alfajiri afu tunarudi kunywa supu, hiyo namba inatuhusu nini.

Piga hesabu mwenyewe. Wewe kilo 75, baiskeli kilo 10, jumla 85. Ukihamia ya kilo 8 umepunguza mbili tu kwenye 85, asilimia 3 haifiki, mlima wa nusu saa unaokoa kama sekunde 40 hivi. Hizo kilo mbili mimi nikiacha chapati za asubuhi nazipata bure (siachi, lakini ningeacha ningezipata).

Kinachoua watu mlimani ni gia. Resi yangu ya kwanza ilikuwa used ya Japan, fremu inang'aa, unainyanyua kwa vidole viwili, nikatoa laki sita na nusu bila hata kuhesabu meno. Gia za mbele meno 53 na 39, nyuma ile kubwa kabisa meno 25. Barabara ya Bagamoyo nilikuwa naiona tamu balaa, siku nikajipeleka Makongo Juu, katikati ya kile kilima goti la kushoto likaanza kulalamika, nabofya gia, imegota, hamna nyingine, nikashuka nikawa nasukuma na viatu vya kliti (vile vinavyonasa kwenye pedali) vinapiga ko ko ko kwenye lami. Mama mmoja kwenye meza yake ya maandazi akaniambia "pole baba, imeharibika?" Nikamjibu ndio mama, imeharibika.

Sasa ona: kwa 39 na 25, ukipanda kwa spidi ya kilomita 10 kwa saa miguu inazunguka kama mara 50 kwa dakika, hapo unakanyaga kwa magoti. Kwa 34 na 32 spidi ile ile unazungusha kama 75, unapumua, unaongea na mwenzako. Kwahiyo kabla ya kuuliza bei hesabu meno: mbele unataka 50 na 34, wenyewe wanaita kompakti, nyuma kubwa iwe 32 au 34. Na cheki ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, ukiwa mfupi sana mara nyingi unaishia meno 28, usidanganywe kwamba utabadilisha sproketi (zile gia za nyuma) tu basi.

Namba moja kwangu ni alumini used yenye foki ya kaboni na breki za kubana ringi. Giant TCR za alumini, Specialized Allez, Cannondale CAAD, hizo ukiwa na seti ya gia na breki ya Shimano, Tiagra au 105, nyingi zinacheza kwenye kilo 8 na nusu mpaka 10. Sora, seti nyingine ya Shimano, nayo siyo mbaya, ina gia 9 nyuma, sproketi na cheni zake bei haiumizi. Kikubwa ni kwamba breki ikizingua hata fundi wa chini ya mwembe anaifunga waya mpya mnaendelea na stori.

Namba mbili ni kaboni used, na hapa ndio watu wanapigwa. Nenda mchana, omba kitambaa kibichi, futa fremu yote, afu pitisha tochi ya simu taratibu chini ya bomba kubwa, pale krenki (mikono ya pedali) inapoingia, na pale foki inapokutana na fremu. Gonga na sarafu ukisikiliza, mlio ukitoka ti ti ti ukawa du mahali pamoja, achana nayo. Halafu mwambie muuzaji avute nguzo ya siti juu mbele yako. Nguzo ya alumini ndani ya kaboni, jasho na chumvi ya hewa yetu hii, inashikana kama imechomelewa, na ikishashikana hapo hutoi kwa nguvu bila kupasua. Ukiipata nzima, nati zake zifungwe na spana ya kupimia, nyingi ni kama Nm 5 (kipimo cha nguvu ya kukaza), fundi asikuonyeshe misuli.

Kama ndoto yako ni Lushoto, ringi ziwe za alumini. Kutoka Lushoto kushuka Mombo ni kilomita thelathini na kitu na unashuka kama mita 1,000, ringi za kaboni ukizibana breki muda wote huo zinapata moto mpaka zinaweza kuharibika.

Kaboni mpya yenye breki za diski za mafuta naiweka ya tatu. Inasimama vizuri hata kwenye mvua, sikatai, ila Shimano inataka mafuta ya madini na breki nyingi za kampuni ya SRAM zinataka DOT (mafuta ya breki kama ya gari), fundi akichanganya sili zinakufa, na hela ya hapo unanunua mbili za namba moja. Chuma za zamani za Japan ni ya nne, zinapendeza na zinatulia, ila nyingi mbele ni 52 na 42, unarudi kwa mama maandazi.

Zile mpya zenye stika ya "carbon" kubwa kuliko jina la kampuni, beba sumaku. Ikinasa kwenye bomba hiyo ni chuma, muage muuzaji vizuri.

Saizi pia, za Japan nyingi ni ndogo, ukiwa mrefu panda kwanza uzungushe mtaa mzima. Tairi ziingie angalau za upana wa milimita 25, 28 tamu zaidi kwa ule mchanga na vioo vya pembeni ya barabara. Na valvu zake ni zile nyembamba, pampu za mafundi wengi haziingii, nunua adapta mapema, ni kidude kama punje ya hindi. Yangu nimeifunga kwenye cheni ya funguo toka siku niliyotembea na pancha kutoka Kisarawe mpaka Gongo la Mboto.