Vigae Vidogo Vyeupe katika Bafu la Nyumba ya Zamani: Uzoefu Wangu Nakuru

Nyumba aliyotuachia marehemu baba iko Milimani, Nakuru, na ilijengwa kabla ya uhuru: kuta za mawe ya kuchonga, paa la mabati, sakafu za mbao vyumbani na saruji nyekundu bafuni, ambayo ilikuwa imepasuka kiasi cha kunyonya maji. Nilipoanza kulikarabati bafu hilo mwaka jana, nilitaka vigae ambavyo havitaonekana vimepitwa na wakati baada ya miaka mitano, na ambavyo mama yangu, anayetembea kwa mkongojo, ataweza kuvikanyaga vikiwa vimelowa bila hofu.

Dukani nilishauriwa kuchukua vya sentimita 60 kwa 60, vinavyong'aa na kuiga marumaru, na nilikuwa karibu kulipa. Fundi ndiye aliyenizuia. Aliegemeza pimamaji ukutani, akanionyesha povu lilivyokimbilia upande mmoja, akasema, "Mama, nyumba hii haina kona iliyonyooka. Kigae kikubwa kitaanika kila kasoro." Isitoshe, sakafu ya bafu hulazimika kuteremka kuelekea tundu la maji, na kigae kikubwa hakifuati mteremko huo mpaka kikatwekatwe, ilhali vidogo huufuata vyenyewe.

Kwa hiyo kuta nilizivika vigae vyeupe vya sentimita 7.5 kwa 15, vilivyopangwa kama matofali hadi urefu wa mita moja na nusu. Umbo hilo ndilo lililowekwa katika vituo vya reli ya chini ya ardhi ya New York vilivyofunguliwa mwaka 1904, na bado linapendeza. Kwangu huo ulikuwa ushahidi mzito kuliko sifa za muuzaji yeyote. Sakafuni niliweka vigae vya poselini vya pembe sita, visivyong'aa, vinavyouzwa vikiwa vimebandikwa kwenye wavu. Kabla ya kulipa nilivigeuza na kudondosha maji mgongoni: kigae cha ukutani kililinywa tone papo hapo, lakini cha sakafuni kiliacha tone limekaa juu, zima, mpaka nikalifuta kwa kidole. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe, kwa kuwa poselini hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake.

Nililosikitika nalo ni duka kunipakilia katoni zenye namba tofauti za rangi. Hatukugundua mpaka asubuhi, jua lilipopenya dirishani na kuonyesha safu mbili zenye weupe wa maziwa kando ya nyingine zenye weupe wa krimu. Duka lilikataa kuzipokea kwa sababu zilikuwa zimefunguliwa, na tukalazimika kubandua. Someni namba ya kila katoni kabla haijapakiwa, na mnunue asilimia kumi zaidi papo hapo, maana shehena itakayofuata huenda isifanane.

Grauti, yaani mchanganyiko wa kujazia viungio kati ya vigae, nilichagua ya kijivu, wala sijutii, kwa kuwa vumbi la Nakuru lingeigeuza nyeupe kuwa ya kahawia mapema sana. Ni kweli kwamba viungio vya sakafuni ni vingi na huvisugua kwa brashi kila Jumamosi. Hata hivyo, viungio hivyohivyo ndivyo vinavyoshika unyayo, na mama ameacha kuniita nimshike mkono anapotoka kuoga.