Pikapu ipi haitakumaliza kwa mafuta Kigoma? Soma kibao kabla ya nembo

Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei kikomo, sisi wa Kigoma hatuna haja ya kusubiri jedwali ili tujue tumeipita Dar es Salaam. Mafuta yanashushwa bandarini, yanakatiza nchi nzima, ndipo yafike sheli ya Mwanga hapa mjini, na nauli yake tunailipa sisi kwenye pampu. Kwa hiyo mtu wa huku akikuuliza "inakwenda kilomita ngapi kwa lita?" anauliza kama ataendelea na biashara au la.

Mimi napakia dagaa na migebuka Kibirizi, napeleka Tabora, narudi na mchele na asali ya Sikonge. Tuseme njia ni kilomita 400 kwenda na 400 kurudi, mara mbili kwa mwezi: kilomita 1,600. Pikapu inayotoa kilomita 8 kwa lita itakunywa lita 200. Inayotoa 11 itakunywa 145. Tofauti hiyo kwa mwaka inapita lita 650. Zidisha kwa bei ya mwezi huu, halafu uniambie kama bado unachagua gari kwa rangi.

Kosa ninaloliona kila siku ni mtu kusema "nataka Hilux". Hilux ipi? Jina moja hilo limebeba injini ambazo hazina udugu wowote. Fungua boneti au mlango, tafuta kibao cha kiwandani, soma herufi za kwanza za modeli. LN ni injini za dizeli za zamani, kama 3L na 5L. KUN ni zile za D-4D, dizeli za Toyota zinazorusha mafuta moja kwa moja, na GUN ni za kizazi kilichoanza 2015. TGN ni ya petroli. Kwa Land Cruiser ni hivyohivyo: HZJ79 ina silinda sita bila tabo (turbo), VDJ79 ina V8, yaani silinda nane, GDJ79 ina injini mpya ya lita 2.8. Dalali anaweza kubandika stika yoyote mlangoni, lakini kibao kimepigwa ribiti. Kisha linganisha namba ya injini na iliyoandikwa kwenye kadi, maana huku magari mengi yamebadilishwa moyo na kadi haijui.

Kwa nini injini moja inakula na nyingine haili? Dizeli za zamani zinachomea mafuta kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi. Zinawaka kwa upole na hazina makuu, ila joto jingi linapotelea kwenye chuma badala ya kusukuma pistoni. Mpya zinarusha mafuta moja kwa moja juu ya pistoni kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,500, yanakuwa kama ukungu, yanaungua karibu yote. Nozeli ya zamani inafunguka kwa baa mia na kidogo tu. Tabo nayo inaokota moshi unaotoka, inautumia kusukuma hewa ndani, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Hapo ndipo lita zinapookolewa, na hapohapo ndipo matatizo yanapoanzia, kama utakavyoona.

Pikapu hizi nimezipanga, bora kwanza, kwa mtu anayenunua iliyotumika, anayepakia, na anayeishi huku. Kilomita ninazotaja ni makadirio yangu ya gari iliyobeba mzigo. Usizilinganishe na za kwenye matangazo.

1. Hilux KUN25, 2.5 D-4D, gia za mkono

Wengi watanipinga, watasema kwa nini si 3.0. Kwa sababu mzigo wa dagaa si mawe, na 2.5 inautosha. Za mwanzo zina nguvu farasi 102, za baadaye 144. Ikipakiwa vizuri na dereva asiyekimbizana na mabasi, hesabu kilomita 10 hadi 11 kwa lita. Spea zake utazipata Kigoma, Kasulu, Tabora, hata kwa mtu anayeuza soda pembeni. Na fundi hatakuomba muda wa kwenda kujifunza.

Kinachoziua ni vitu viwili. Cha kwanza ni washa, ringi ndogo za shaba chini ya injekta. Zikichoka, moshi wa silinda unavuja ndani, unachafua oili, masizi yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini inanoki huku wewe ukisema oili ilikuwa imejaa. Kwa hiyo siku ya kukagua, mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Iwashe ikiwa baridi, sikiliza kama kuna "ka-ka-ka" inayochelewa kuisha, halafu fungua kifuniko cha oili huku inaunguruma. Pumzi kidogo ni kawaida. Moshi unaotoka kwa vishindo kama treni ya zamani, aga kwa heshima uondoke. Belti ya taiming pia uliza ilibadilishwa lini. Kitabu kinaruhusu hadi kilomita 150,000, lakini kwa vumbi letu mimi sifiki huko, na neno la muuzaji silihesabu kama risiti.

Cha pili ni mafuta machafu, na hili nililitenda mwenyewe. Nilitoka Tabora usiku na tanki nusu, nikajipa moyo kwamba nitafika. Karibu na Malagarasi mshale ukalala. Kijana akaniletea dumu la lita 20 na mpira, nikamimina kwa tochi ya simu bila hata kitambaa cha kuchujia. Nilikwenda kama kilomita 30. Gari ikaanza kukohoa, ikakosa nguvu, ikazima. Ilivutwa hadi Ujiji. Fundi wangu, mzee wa Kimanyema asiye na maneno mengi, alifungua bomba la chini la filta akakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa. Tukaiacha chupa juu ya boneti tukanywa chai. Tuliporudi, chini kulikuwa na vidole vitatu vya maji safi, dizeli imekaa juu yake.

"Mwanangu," akasema, "gari yako haijafa. Imekunywa maji."

Injekta nne na pampu vilikwenda Dar es Salaam kwa basi, vikarudi baada ya wiki mbili. Wiki hizo nilikodi gari ya mtu kupeleka mzigo wangu. Akiba yote ya lita nilizoringia mwaka ule iliishia pale. Tangu hapo nina filta ya ziada chini ya kiti, na chini ya robo tanki siendi popote. Asiyeweza nidhamu hiyo ashuke moja kwa moja hadi namba nne.

2. Hilux GUN125, 2.4

Kama mfuko unaruhusu, hii ingekuwa ya kwanza. Nguvu farasi 150, cheni badala ya belti, gia sita, na inaweza kukupa kilomita 11 hadi 13. Kaka yake wa 2.8, GUN126, ni wa familia hiyohiyo, na Toyota walipoitoa 2015 walitangaza kwamba injini hiyo inageuza hadi asilimia 44 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Kwa dizeli ya gari dogo hiyo ni hesabu kubwa.

Ila uliza imetoka wapi. Zilizouzwa Japani, Uingereza na Australia nyingi zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linajisafisha kwa kuchoma masizi, na linahitaji safari ndefu yenye mwendo. Ukiwa mtu wa Mwanga hadi Ujiji na kurudi, litaziba. Za Japani zinadai pia maji ya urea ya kusafisha moshi, na sijaona duka la Kasulu lililoyapanga rafuni karibu na biskuti. Tafuta iliyouzwa kwa soko la Afrika. Hata ikiwa na kilomita nyingi zaidi, bado ni bora kwako.

3. Isuzu D-Max 3.0

Injini yake, 4JJ1, ni ngumu, ina cheni, na haishtuki kwa mzigo. Kwenye lami ya Urambo inatembea kwa mzunguko mdogo, inakupa kama kilomita 10. Mimi ningeipandisha juu zaidi kama spea zingekuwa karibu. Kwa sasa vitu vingi unaagiza Dar es Salaam au Mwanza. Mtu wa Tabora anaweza kuivumilia hali hiyo kuliko wa Kibondo.

4. Hilux LN, 3L au 5L

Polepole, kelele, moshi, kilomita 8 au 9. Na bado kuna watu ningewaambia wanunue hii na si nyingine: anayeishi mbali na sheli, anayenunua mafuta kwa madumu, ambaye gari ikilala njiani hana wa kumpigia. Pampu yake ni ya vyuma tupu, haina kompyuta ya kukasirika.

Jambo moja tu: haina tabo. Ziwa letu liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ya kahawa ya Kalinzi na Manyovu iko karibu mara mbili ya hapo. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapungua uzito kwa takriban moja ya kumi, na injini inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe inapungua nguvu kwa kiasi hichohicho. Dereva anakanyaga, moshi mweusi unatoka, lita zinaondoka. Ukiwa mtu wa mlimani na mzigo wa magunia, utaijutia hata kama ulipewa bei ya ndugu.

5. Land Cruiser mkonga, HZJ79

Hii ndiyo gari ya heshima. Mashirika ya kambi za wakimbizi za Kasulu na Kibondo yameifanya kila mtoto aijue kwa sauti. Injini ya 1HZ imekuwepo tangu 1990: cc 4,164, silinda sita, bila tabo, nguvu farasi 130 hivi. Inakula. Kilomita 7 kwa lita ni siku nzuri. Kwenye tope na foowili imeshikwa, usiangalie mshale. Kwa hesabu yangu ya Tabora itakunywa karibu lita 230 kwa mwezi.

Nani anunue, basi? Mwenye kazi ya porini ya kweli: tumbaku ya ndani Kaliua wakati wa masika, mbao, visima. Pale Hilux inapovutwa, hii ndiyo inayovuta. Fremu na springi zake zinasamehe mambo ambayo gari nyingine zinayalipiza, na ukichoka nayo utaiuza kwa bei itakayokushangaza. Lakini kama kazi yako ni lami na mizigo ya sokoni, unalipia sifa. Toleo jipya, GDJ79, lililotangazwa 2023, limewekewa 2.8 ileile ya Hilux. Wazee wanaicheka kwa silinda nne, ila kwenye sheli wao ndio watakaochekwa. Iliyotumika bado ni ghali mno.

6. Ford Ranger 2.2 na 3.2

Tamu kuendesha, kabini yake inakufanya usahau vumbi. 2.2 inakupa kilomita 10 hadi 11, 3.2 ya silinda tano inavuta sana na inakula zaidi. Onyo moja ambalo mafundi wengi hawalijui: ukimwaga oili usiiache ichuruzike kwa muda mrefu wakati fundi amekwenda kula. Pampu ya oili inaweza kukauka, na ukiwasha injini inazunguka bila oili. Mwaga, badilisha filta, jaza hapohapo. Simama naye.

Mitsubishi L200 na Nissan Navara sizisemi vibaya, ila ukiwa nazo huku utajuana na kila kondakta wa basi la Dar es Salaam kwa ajili ya vifurushi vya spea.

Mwisho kabisa: zile kubwa za Marekani

Watu wanaziona kwenye simu wanatamani. Na kiteknolojia wamefanya kazi. Ford F-150 ya 2015 ilivalishwa bodi ya aluminiamu ili kupunguza uzito, na baadhi ya injini zake za V6 zina tabo mbili. Chevrolet Silverado za V8 zinazima baadhi ya silinda zikiwa hazina kazi. Silverado ya dizeli ya lita 3.0, ya mwaka 2020, ilipimwa kwao hadi maili 33 kwa galoni kwenye barabara kuu, ambayo kwa galoni yao ya lita 3.785 ni kama kilomita 14 kwa lita. Kwa gari ya ukubwa ule ni ajabu. Lakini hiyo ni kwenye vipimo, bila mzigo, kwa dizeli yao. Nyingi zinatumia petroli, na usukani uko kushoto: kutaka kulipita lori la chumvi la Uvinza itabidi abiria ndiye akuchungulilie mbele.

Shemeji yangu wa Kasulu ana mtoto huko Marekani anayetaka kumtumia F-150 iliyotumika, ya V8. Akanipigia kuuliza itakuwa inakwenda kilomita ngapi kwa lita.

"Shemeji," nikamwambia, "mwambie aiuze hukohuko, akutumie hela. Nitakutafutia KUN."