Kipimo cha fikra za kimkakati kwa vikundi vya Tanga: mchezo mzuri, usahihishaji mbovu

Kipimo hiki cha karatasi, kinachotumiwa na wakufunzi wa wafanyabiashara Tanga mjini, kina sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali matatu ya mtafiti Shane Frederick ya mwaka 2005, yanayoonyesha kama mtu hulikagua jibu lililomjia haraka. Swali la mashine limetafsiriwa vizuri sana: mashine 5 husokota kamba 5 za mkonge kwa dakika 5, je, mashine 100 zitasokota kamba 100 kwa dakika ngapi? Ulimi hukimbilia 100, kumbe ni 5.

Swali la bei limeharibika. Daftari na kalamu ni shilingi 1,100, daftari limezidi kalamu kwa 1,000. Kalamu ni bei gani? Jibu la kweli ni shilingi 50, lakini nani atakuuzia kalamu kwa hamsini pale mtaani Ngamiani? Aliyepiga hesabu sawasawa hujitilia shaka, akafuta. Weka jumla 5,500 na tofauti 5,000: jibu la haraka liwe 500, la kweli 250.

Sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Kila mtu anaandika kwa siri namba kati ya 0 na 100. Mshindi ni aliyekaribia zaidi theluthi mbili ya wastani wa wote. Anayedhani wenzake watakuwa na wastani wa 50 huandika 33; anayedhani nao wamefikiri hivyo huandika 22; ukiendelea hivyo hadi mwisho unafika 0. Majaribio yamekwisha kuonyesha kwamba wanaofaulu maswali ya Frederick huelekea kuchagua namba ndogo zaidi.

Hapo ndipo mwongozo wa usahihishaji unapokosea: unampa alama zote aliyeandika 0. Raundi ya kwanza sifuri hushinda mara chache mno, na muuzaji anayewajua wenzake vizuri huenda akaandika 20 kwa makusudi. Ongeza swali moja: "Unadhani wastani utakuwa ngapi?" Ndipo utajua kama kapungukiwa hesabu au kawasoma watu.

Usichezeshe watu wawili, kwa sababu namba ndogo hushinda daima. Hesabu raundi ya kwanza tu, maana wakishatangaziwa matokeo huanza kuiga. Eleza wastani kwa mfano wa bei za samaki, si kwa namba za mchezo wenyewe, zisije zikawakaa kichwani.

Kwa mafunzo, kinafaa kununuliwa. Kwa kuchuja waombaji kazi, hapana: maswali yale yamezagaa mtandaoni, na aliyewahi kuyaona hupata tatu kwa tatu bila kufikiri.